Mwenye Mkia Ndiye Msemaji

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino na blauzi nyeupe, kwa sababu niliambiwa naenda ofisini. Ilikuwa ofisi kweli, ghorofa ya pili katikati ya jiji la Nairobi, karibu na soko la samaki. Kabla sijaonyeshwa hata kiti, Mkuu wa Kitengo alinishusha hadi uani, akaniambia nivue viatu, akanikabidhi gunia lililojazwa mchanga uliolowa, limeviringishwa na kufungwa kamba kwenye ncha moja.

"Hii ni papa," akasema. "Shika mkia."

Nilidhani ananichezea. Mimi ni msichana wa Bungoma, samaki mkubwa niliyemjua ni kambare wa mtoni kwetu, na huyu mzee wa Ukambani mwenye suti ya kahawia anataka nikumbatie gunia mbele ya makarani waliokuwa wanachungulia madirishani. Lakini uso wake haukuwa na mchezo. Nikashika. Akaniambia mkono mmoja ukae kwenye shina la mkia, pale unapokuwa mwembamba, na mwingine upite chini ya tumbo hadi nyuma ya mapezi ya mbele. Kisha nipindue tumbo liangalie juu, polepole. Nikapindua, mchanga ukanimwagikia kifuani, na blauzi ile haikuvaliwa tena ofisini. Makarani walicheka hadi wakashikilia ukuta. Mkuu aliniambia nirudie.

Naandika haya kwa sababu vijana wa mtaani kwetu Woodley wakisikia nilivua papa kwenye ukingo wa mto, wanadhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Papa ni wa baharini, wanasema, na wewe umekaa hapa miaka yote ukipanda sukuma wiki. Basi wasikilize. Wako papa wa aina fulani ambao mama zao huja kuzalia kwenye midomo ya mito mikubwa, mahali maji baridi yanapokutana na maji ya chumvi. Watoto hukaa humo, ndani ya maji ya tope, hadi wapate nguvu za kwenda baharini. Kazi ya kitengo chetu ilikuwa kuwajua watoto hao: wako wangapi, wanakula nini, wanakaa hapo muda gani. Ofisi ilikuwa Nairobi, mto ulikuwa pwani, na sisi tulikuwa wa kwenda na kurudi.

Hatukuvua kwa wavu, kwa maana papa akinaswa wavuni hawezi kusonga mbele, na asiposonga anakosa pumzi. Tulisimama ukingoni na fimbo za kuvulia. Mwishoni mwa mshipi tulifunga waya mfupi, maana meno ya papa, hata mtoto, hukata uzi wa kawaida bila wewe kujua. Chubwi, yaani kile kipande cha risasi cha kuzamisha, kilikuwa kizito ili mkondo usikokote chambo. Chambo chenyewe kilikuwa kipande cha samaki aitwaye mkizi, aliyevuliwa asubuhi ileile. Ndoana tuliisaga lile jino la nyuma, ili itoke bila kuchana. Mmoja alishika fimbo, mwingine aliingia majini hadi mapajani kumpokea papa. Huyo wa majini ndiye tuliyemwita mwenye mkia.

Hapo ndipo ilipokuwa sheria kubwa ya Mkuu. Mwenye mkia ndiye msemaji. Papa akishafika mikononi mwake, wengine wote ukingoni wananyamaza, wawe wakubwa wake au wageni wa heshima. Akisema vuta, unavuta. Akisema legeza, unalegeza. Mkuu mwenyewe alikosa ncha ya kidole cha shahada, na papa aliikata alipokuwa mgeni kazini, siku wakubwa wawili walipompigia kelele kwa pamoja, mmoja akisema shika, mwingine akisema achia. Alipokuwa akitufundisha alikiinua kile kidole kifupi, na hakuhitaji kuongeza neno.

Sheria ya pili ilihusu kitovu. Ndiyo, papa hawa wana kitovu. Huzaliwa wakiwa hai kama sisi, na mtoto aliyezaliwa karibuni ana jeraha dogo tumboni, katikati ya mapezi ya mbele, pale alipoungana na mama yake. Siku zikienda linafunga na kubaki mstari mwembamba, kisha mstari nao hupotea. Mwenye kitovu wazi hakuchukuliwa mahali popote. Alipimwa urefu ndani ya maji na kuachiwa palepale, kwa sababu hastahimili safari wala tangi. Na kuachia kulikuwa na adabu yake. Unamgeuza papa kichwa kielekee mkondo, unamshikilia taratibu huku maji yakimpitia kwenye matamvua anakopumulia, na hufungui mikono mpaka umsikie mwenyewe anasukuma.

Nilijifunza haraka. Ndani ya misimu michache nikawa mwenye mkia wa kitengo, na najisifu bila haya, sikuwahi kuponyokwa. Wanaume walioniambia kazi hii si ya mwanamke wa bara walinyamaza mmoja mmoja. Jina langu, Nafula, likawa linatajwa pale ofisini kama mtu anavyotaja kufuli nzuri.

Kisha ikaja habari ya tangi. Mkuu alikuwa na ndoto moja tu maishani, na aliishi nayo miaka mingi kabla ya mimi. Alikuwa mtu mzima tayari alipoiona bahari mara ya kwanza, na jambo hilo lilimuuma. Alitaka liwepo tangi kubwa la kioo katikati ya Nairobi, watoto wa shule kutoka Kinoo, Kawangware na popote waingie, waweke pua zao kwenye kioo na kumtazama papa aliye hai. Kwa kuwa vipapa wetu walizoea maji yasiyo na chumvi nyingi, aliamini wangeweza kuishi huku juu kwa muda, kisha warudishwe. Baada ya kuomba na kuomba, wakubwa walikubali. Tangi likajengwa. Siku ya kulifungua ikatangazwa. Sisi tukatumwa mtoni kuleta papa.

Tulikwenda watatu: Mkuu, mimi, na Dereva Barasa na lori lake lililobeba tangi la plastiki na pampu ya hewa. Mvua zilikuwa zimetutangulia. Mto ulikuwa mwekundu na wenye hasira, umebeba magogo, na papa walikuwa wamesogea mbali. Wachache tuliowapata walikuwa wachanga kabisa, vitovu wazi. Tukawaachia. Kila jioni Mkuu alizungumza kidogo kuliko jana yake, na mimi nilimwonea huruma sana, kwa sababu tangi lile lilikuwa ndoto yangu pia. Nilikwisha kuwaahidi wanangu.

Asubuhi ya mwisho, maji ya bahari yakiwa yamejaa na kuusukuma mto nyuma, fimbo ya Mkuu ilipinda. Alipigana na papa muda mrefu. Mimi nilikuwa majini, na papa alipofika nilimpokea, nikampindua, akalegea kama afanyavyo papa yeyote aliyepinduliwa vizuri. Alikuwa mzuri. Ngozi ya kijivu isiyo na mkwaruzo hata mmoja, tumbo jeupe, urefu uleule tuliouomba. Barasa, juu kwenye lori, alikwisha kukunjua machela ya turubai ya kumbebea. Nikatazama katikati ya mapezi.

"Kitovu iko wazi, Mkuu."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena, nikapitisha kidole gumba. Kingo zilikuwa laini, hazijashikana.

"Iko wazi."

"Lete hapa nje. Nitaangalia mimi mwenyewe."

Nyinyi mtasema ningempelekea tu aone. Lakini papa yule alikuwa amechoka, na kumtoa majini kulikuwa ni nusu ya kumchukua. Tena nilimwona Mkuu usoni. Mtu anayetaka kitu kiasi kile haoni kitovu, anaona tangi. Na lingine nitalisema wazi: sheria ile alitupa yeye, na kama neno la mwenye mkia linahitaji kukaguliwa na aliye ukingoni, basi hapakuwa na sheria, tulikuwa tunadanganyana. Nikatoa ndoana, nikamgeuza papa kichwa kuelekea mkondo, nikamshikilia mpaka akasukuma. Akaenda.

Mkuu alifunga fimbo yake, akaenda kupanda lori. Kutoka pwani mpaka Nairobi Barasa aliacha redio ikiimba.

Wakubwa walituita mezani, wakauliza papa yuko wapi. Nilikuwa nimeketi karibu na Mkuu, magoti yetu yakikaribiana. Aliangalia mikono yake, akasema, "Tulipata mmoja mzuri. Alimponyoka Nafula."

Sikumkanusha mbele yao. Hadi leo nikikumbuka, masikio yananiwaka moto. Ningeweza kuvumilia kuitwa mkaidi, na hata kufutwa ningevumilia. Lakini kuponyokwa! Barasa naye, ambaye kule kwenye lori hakusikia neno, aliona mgongo wangu tu, aliichukua habari hiyo akaitembeza ofisi nzima, akionyesha kwa mikono jinsi papa alivyoteleza. Wale makarani wa madirishani walikuwa wamengoja miaka yote. Mwanamke wa bara, si tulisema?

Tangi lilifunguliwa likiwa na ngege na kambare, samaki wa ziwa na mto. Niliwapeleka wanangu, wakaweka pua kwenye kioo, wakafurahi kabisa, kwa kuwa mtoto husahau alichokosa. Mimi nilihamishiwa ukaguzi wa samaki, chini ya Mkaguzi Mkuu, mtu mpole aliyependa chai. Miaka yangu iliyobaki niliimaliza kwenye meza za soko la katikati ya jiji, nikiinua matamvua kuona kama bado ni mekundu, nikibonyeza nyama kuona kama inarudi. Ni kazi ya heshima na inalinda matumbo ya watu. Lakini samaki wa mezani hasukumi mkono. Mkuu alistaafu, tukamchangia saa ya ukutani, nikampa mkono kama wengine. Baadaye nami nikastaafu.

Mwaka huu Barasa, ambaye sasa ni mzee mwenye mkongojo kama mimi, alinipigia simu. Akasema Mkuu ameanguka bafuni kwake Kinoo, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, amelazwa hospitali moja Parklands, na ananiulizia mimi. Nilikaribia kusema sina nafasi. Nilikaa kitandani nikiwa na kiatu kimoja mguuni kwa muda. Kisha nikavaa cha pili.

Mimi na Barasa tulimkuta amekuwa mdogo. Binti yake alikuwa kando ya kitanda, mwanamke mkubwa sasa, akanipisha kiti, akaniita Aunty. Mkuu alinitazama bila salamu.

"Nafula. Ile kitovu ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi, Mkuu."

"Nilijua," akasema. "Nilijua hata kabla hujaiachilia."

Nilimuuliza basi kwa nini alisema vile mbele ya wakubwa. Sauti yangu ilitoka kali, binti yake akageuka. Mkuu akajibu akitazama mikono yake.

"Nilikuwa nataka hiyo papa. Nilitaka sana. Halafu nikaona haya, vile ni wewe ulikumbuka kazi na mimi nikasahau."

Sikumwambia yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha. Barasa alikuwa anaangalia sakafu.

Wakati huo wauguzi wawili wakaingia kumgeuza, maana mgonjwa wa nyonga hawezi kulala upande mmoja siku nzima, mgongo huota vidonda. Walihitaji mikono zaidi. Binti akashika shuka, muuguzi mmoja akashika miguu, mwingine akaniita kama anavyomwita bibi yake, "Shosho, wewe shika hapo kwa bega, tafadhali." Kisha wakaanza kusema wote. Muuguzi mmoja vuta huku, mwenzake ngoja kwanza, binti pole pole jameni, na mmoja wao akihesabu moja, mbili. Mkuu akavutwa pande mbili kwa wakati mmoja, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Nyamazeni," akasema. Akainua kile kidole kifupi. "Nafula ndiye ameshika. Yeye ndiye atasema." Akavuta pumzi, akamtafuta Barasa kwa macho. "Barasa, sikia. Huyu mama hajawahi kuponyokwa. Hata siku moja."

Barasa akasema, "Nimesikia, Mkuu."

Chumba kikatulia. Muuguzi aliniangalia, akangoja. Nilipitisha mkono mmoja nyuma ya bega lake na mwingine chini ya mbavu, nikamsikia alivyo mwepesi. Nikasema miguu ingoje. Nikasema shuka, taratibu. Nikasema sasa. Tukampindua mara moja, polepole, naye hakulia. Wengine wakaondoa mikono. Mimi sikuondoa yangu mpaka nilipomsikia mwenyewe anasukuma kidogo, ndipo nikamwachia.