Chumba Selfu Nilichojitangazia

Nakiri mwenyewe: niliita chumba changu selfu nikiwa na akili zangu timamu. Zamani hapa Morogoro chumba selfu kilikuwa na choo na bafu lake ndani. Siku hizi madalali wanalibandika neno hilo popote, hata kama choo kipo uani, ilimradi ufunguo uwe wako. Nikaona na mimi nisibaki nyuma. Wapangaji walikuwa wanakikimbia chumba changu wakisikia bafu tunatumia pamoja na jirani, Bi Zaina. Basi nikatoboa ukuta, nikaweka mlango wa kutoka chumbani moja kwa moja hadi bafu hilo hilo la pamoja. Kumwambia Bi Zaina? Nikajisemea nitamwambia kesho.

Kabla ya hiyo kesho akaja mwalimu kutoka Gairo, anatafuta chumba. Nikamtembeza kifua mbele.

"Selfu kabisa, mwalimu! Hata mvua inyeshe, wewe hutoki nje."

Nikafungua mlango mpya kwa mbwembwe.

Bi Zaina alikuwa ndani, kanga kifuani, povu mpaka kwenye kope. Mdomo wangu ukatoa kilichokuwa karibu: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Selfu yako ina mtu. Funga mlango!"