Kiholanzi cha Mpiga Pasi

Kila asubuhi, kabla hajaichomeka pasi ukutani, Mvuke aliisalimia. "Goedemorgen," alisema, kwa adabu ya mtu anayemwamkia mama mkwe. Kisha alilamba kidole, akangoja chuma kishike moto, akakigusa upesi. Kikisema tss, alihesabu kuwa ameitikiwa.

Jina la Mvuke alipewa na wenzake. Miaka tisa alikuwa amesimama nyuma ya meza ile ile ya kupigia pasi katika duka la dobi, nusu yake ikionekana na nusu imefunikwa na weupe unaopanda kutoka kwenye nguo. Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu chenye milango miwili. Mbele, kwenye kaunta, alikaa mama mwenye duka, akipokea nguo na kuzibandika namba. Katikati zilining'inia zile zilizokwisha. Nyuma, kwenye mlango wa uani, alikuwapo Povu na mabeseni yake, kijana wa miaka thelathini mwenye vidole vya ajuza kwa sababu ya sabuni.

Kiholanzi hakikuwa mapambo kwa Mvuke. Mkewe alikwenda Uholanzi miaka minne iliyopita kutunza wazee, akaondoka na mtoto wao mgongoni. Sasa binti alikuwa na miaka mitano. Ili Mvuke awafuate, alitakiwa kwanza afaulu mtihani wa kuongea Kiholanzi, aufanye akiwa huku huku. Asipofaulu haendi, na habari imekwisha.

"Mume wangu, mimi naweza kusubiri," mkewe alimwambia siku moja kwenye simu. "Huyu mtoto ndiye asiyesubiri."

Ilikuwa kweli. Zamani binti alikuwa akiigombania simu ya Jumapili. Siku hizi alivutwa mkono ndiyo aje. Kiswahili chake kilikuwa kimekauka, yamebaki maneno mawili, baba na maji. Alisimama mbele ya simu, akamwaga Kiholanzi chake mbio mbio, akanyamaza kungoja. Mvuke alitabasamu. Mtoto akamtazama mama yake, kama anayeuliza huyu wako ana nini. Kuna Jumapili alisema maneno mawili tu: "Kom je?" Mama yake akatafsiri kwa pembeni, anauliza unakuja? Mvuke akajibu "Ja," yaani ndiyo, na kwa mwaka mzima hilo ndilo lilikuwa jibu refu kuliko yote aliyowahi kumpa mwanawe.

Kwa hiyo akaanza kujifunza. Mkewe alimtumia daftari la maneno na sauti zake alizozirekodi kwenye simu. Daftari lilimshinda mapema. Shule aliiachia darasa la tano, na karatasi hazijawahi kuwa rafiki zake. Aliishi kwa kaka yake, na jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama, alilifungua daftari na kulala nalo usoni. Shemeji yake ndiye aliyeliondoa. "Leo Kiholanzi kimekuingilia puani," alimwambia asubuhi akimpa chai.

Sauti zilimfaa zaidi. Alizisikiliza njiani akienda kazini, akafika dukani mdomo tayari umepata moto, akaendelea. Nguo ya mteja aliitaja kwa Kiholanzi akiipeleka kaunta. Aliwahesabia watu suruali zao kwa Kiholanzi. Tatizo lilikuwa ile herufi yao inayotoka kooni, kh, kh, ambayo Waholanzi wanaitia kila mahali kama chumvi. Mvuke aliifanyia mazoezi kwa bidii kubwa. Povu alimletea kikombe cha maji mara mbili, siku ya tatu akamletea beseni.

"Kitoe tu, ndugu yangu, usikione haya."

"Nasoma."

"Hata babu alisema anasoma, tukamzika."

Wateja hawakucheka. Mwalimu mmoja mwanamke alimsikia Mvuke akikoroma kooni juu ya blauzi zake, akazikunja mwenyewe, akaondoka nazo zikiwa mbichi. Wiki hiyo wateja wengine wawili walimuuliza mama mwenye duka kama mpiga pasi wake amepimwa kifua. Mama alimwita pembeni. Hakuwa mkali, alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja.

"Mwanangu, sikuzuii kumfuata mkeo. Lakini Kiholanzi chako kisivuke ile meza. Ukiwa umeshika pasi, mvuke unapiga kelele, sema utakavyo. Ukiitua, nyamaza."

"Sawa, mama."

Akatii kama alivyozoea kutii. Na kwa kuwa alibakiwa na meza tu, aliitengeneza meza iwe shule. Mpiga pasi ana njia yake ya kulipitia shati, na haibadilishi: kola kwanza, kisha mabega, mikono, mgongo, na kifua mwisho. Mvuke aliyapanga masomo yake humo. Kwenye kola aliweka salamu na jina lake. Mabegani, mahali anapoishi. Mkono wa kulia ulikuwa kazi. Wa kushoto ulikuwa hali ya hewa, maana mkewe alimwambia kule watu hawachoki kuizungumza mvua. Mgongoni, kwa kuwa ni papana, aliitandaza familia: ik heb een vrouw, nina mke, ik heb een dochter, nina binti. Vifungo vilikuwa siku za wiki. Shati zuri lina saba. Kile cha kooni kilikuwa maandag, Jumatatu, na cha chini kabisa, kinachojificha ndani ya suruali, kilikuwa zondag, Jumapili, siku ya simu.

Shati moja, somo moja. Kwa siku yalipita mashati arobaini, hamsini ikiwa ni mwezi wa vikao vya mahakama na mawakili wanataka kung'aa. Baada ya miezi sita, Kiholanzi kilimtoka Mvuke pamoja na mvuke wenyewe, hakikwami popote. Povu aliacha kumletea beseni. Siku nyingine alisimama na nguo mbichi mkononi, anasikiliza.

Mtihani ulifanyika mji mkuu, katika chumba chenye vibanda vidogo kama vya kupigia simu. Unavaa visikizio, sauti ya mwanamke inauliza, unajibu, mashine inarekodi. Mvuke aliketi. Aliweka mikono juu ya meza, akaipanga vizuri kama mtoto wa shule. Sauti ikamuuliza anaitwa nani.

Hakujibu. Si kwamba hakuelewa. Alielewa kila neno, lakini alipolitafuta jibu alikuta chumba kitupu, kimefagiliwa. Akaulizwa anaishi wapi. Akaulizwa habari za mvua. Mikono yake ilitulia pale mezani, na jina alilopewa na mama yake mzazi lilikataa kutoka. Nusu saa nzima mashine ilirekodi pumzi.

Jumapili alimwambia mkewe. Mkewe akasema, "Miezi kumi, hata jina lako?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Mvuke. Nyuma ya mkewe alimwona binti amekaa sakafuni anachora. Hakuitwa aje, naye hakuja.

Jumatatu Mvuke hakuisalimia pasi. Aliichomeka tu. Lakini alipoweka shati la kwanza na kugusa kola, mdomo ulifunguka wenyewe, salamu zikatoka, jina likatoka, mabega, mikono, mvua yote ya Uholanzi. Alitaka kuunyamazisha akashindwa. Machozi yalimtoka huku anasema hali ya hewa.

Mama mwenye duka alikuwa anapanga namba karibu yake. Akaacha.

"Hayo ndiyo waliyokuuliza?"

"Hayo hayo, mama."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilikaa kama gunia la mkaa."

Mama alimtazama, akaitazama pasi. Miaka tisa alikuwa akimwona mtu huyu, na alimjua kama anavyojua mahali bati la paa linapovuja.

"Chomoa hiyo. Njoo ukae hapa."

Mvuke aliketi kwenye kiti cha wateja, mikono magotini.

"Haya, sema."

Alifungua mdomo. Hakuna. Povu, aliyekuwa mlangoni, alianza kucheka, kisha akaona uso wa mwenzake na kicheko kikamfia. Mama alinyanyua shati lililokuwa juu ya rundo, akamtupia mapajani. Vidole vya Mvuke vilitafuta kola kabla yeye mwenyewe hajafikiri, na Kiholanzi kikamiminika pale kwenye kiti kama bomba lililozibuliwa.

"Basi," mama alisema taratibu. "Ni mimi niliyekufunga. Nilikwambia ukiitua unyamaze, ukautii mdomo wangu mpaka mbele ya Wazungu."

Kulikuwa na nafasi ya kurudia mtihani baada ya miezi minne. Mama aliifuta amri yake siku ile ile, na kwenye kaunta akabandika karatasi: Mpiga pasi hana kikohozi, anajifunza lugha. Kisha wakaanza kumwachisha pasi, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Mwezi wa kwanza, mapumziko ya mchana, alipitia shati kwa pasi baridi. Mwezi wa pili alipitisha kiganja kitupu juu ya shati. Kisha mama akamwuliza, "Na kule wakikunyang'anya kila kitu mlangoni?"

"Nitaficha leso."

"Leso wataitoa. Shati watakuachia, hawatakuingiza kifua wazi."

Tangu hapo alijifunza juu ya mwili wake mwenyewe. Akitembea barabarani alijigusa kola, bega, mkono, na watu wakampisha wakidhani ana wadudu. Povu aliteuliwa kuwa sauti ya mashine. Aliuliza maswali kutoka kwenye karatasi, ameinama ndani ya beseni ili sauti ipate mwangwi, kwa Kiholanzi ambacho Mholanzi angekisikia angerudi kwao.

"Wewe bwana, mvua inanyesha?" aliuliza kwa lugha hiyo.

"Inanyesha kila siku," Mvuke alijibu, kiganja kwenye mkono wa kushoto.

"Pole sana, na nguo zangu nimezianika."

Mama aliwasikia kutoka kaunta. Jioni moja, wakati Mvuke anafunga madirisha, alimwambia, "Ukifaulu, sijui mashuka ya hospitali nitampa nani. Nakwambia ukweli. Ukifeli nitafurahi siku moja, halafu nitajichukia."

Mvuke alivuta dirisha la mwisho. Akalipiga komeo.

Siku ya mtihani walichukua simu yake mlangoni, wakachukua leso, wakachukua hata kipande cha karatasi chenye namba ya basi. Alivaa shati jeupe la vifungo saba. Sauti ya mwanamke ilipomuuliza jina, vidole vyake vilikuwa tayari kwenye kola. Jina likatoka. Anaishi wapi: bega. Kazi: mkono wa kulia, ik werk in een wasserij, nafanya kazi kwa dobi. Alijiona anapata moto. Msimamizi aliyekuwa akipita nyuma ya vibanda alipunguza mwendo kumtazama mtu huyu anayejipapasa, lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kugusa nguo yake.

Swali la mwisho mwisho liliuliza ni siku gani anaipigia simu familia yake.

Alianza juu. Maandag, kifungo cha kooni. Akashuka, kimoja kimoja, midomo ikisogea bila sauti. Cha sita kilikuwa kwenye mkanda. Cha saba kilikuwa ndani, amechomekea vizuri ili aonekane mtu wa heshima, na bila kukigusa neno halikuwapo. Sekunde zilikuwa zinakwenda kwenye kioo cha mashine. Msimamizi alikuwa amesimama kabisa sasa. Mvuke alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti, akachomoa shati lote kutoka kwenye suruali, akakishika kile kifungo kwa vidole viwili.

"Zondag," alisema. Kisha, kwa kuwa kifungo kilikuwa bado mkononi, akaongeza jambo ambalo hakuulizwa: kila Jumapili, binti yangu, miaka sita.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Alikuwa amefaulu, si kwa kishindo, alipita mlango ukimgusa mabega. Jumapili binti aliitwa kwenye simu, akaja akiburuta miguu. Mvuke alishika kola yake, akamsalimia, akamuuliza kama huko mvua inanyesha. Mtoto alimkodolea macho. Akaenda dirishani kutazama, akarudi kumjibu. Wakazungumza habari za mvua dakika kumi na moja. Mwisho akauliza tena, "Kom je?" Mvuke akamtajia mwezi.

Siku yake ya mwisho dukani alifanya kazi mpaka saa sita mchana. Shati la mwisho lilikuwa lake mwenyewe. Alilipiga pasi kimya, kola, mabega, mikono, mgongo, kifua, akalivaa likiwa bado la moto. Mama alikuwa akihudumia mteja. Alimtazama Mvuke akipita kati ya nguo zinazoning'inia, akaondoka kwenye kaunta, akamnyoosha kola ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Nenda, mwanangu. Basi halikungoji."

"Mama, nime..."

"Nenda."

Povu alimpigia kelele kutoka uani, kwa sauti ya mashine, ndani ya beseni, akimtakia safari njema. Mvuke alicheka, akainua mkono, akatoka kwa mlango wa mbele. Kioo cha duka kilimwonyesha akivuka barabara, begi moja, shati jeupe, kisha lori likapita na baada ya lori barabara ilikuwa tupu.

Mteja alikuwa bado anangoja namba yake. Mama alinusa chuma cha moto, akageuka. Mwishoni mwa chumba pasi ilikuwa imesimama juu ya meza, inatoa mvuke peke yake. Miaka yote hiyo Mvuke hakuwahi kuisahau. Mama alikwenda taratibu mpaka ukutani, akaichomoa.