Suti ya Sina Haraka

Dobi hakuwahi kushika jina la mtu. Nguo ndizo alizozishika: kola ipi huchakaa upande gani, suruali ipi imeanza kumbana mwenyewe. Wateja aliwabatiza mwenyewe, na mpwa wake alipomtengenezea hifadhidata, jedwali moja la mteja, vazi, rangi na namba ya kiango, akaingiza majina yale yale.

"Shangazi, andika majina yao halisi," mpwa alimsihi.

"Halisi kwa nani? Msomaji si mimi?"

Basi Jumamosi moja akaingia kijana anatweta, shati nje nje, viatu vinang'aa.

"Shikamoo mama. Suti yangu ya kijivu, tafadhali! Naoa leo, gari liko nje."

"Marahaba. Hongera, mwanangu. Risiti?"

"Mama, leo hata akili yangu sijui niliiweka wapi."

Nguo zilining'inia hadi darini, zote ndani ya mifuko ya karatasi. Kuichungulia mmoja mmoja ilikuwa kazi ya kutwa. Kijana akataja jina lake, la baba na la babu. Dobi akaandika kwenye kompyuta SELECT, yaani chagua, akaweka nyota ili aone safu zote, kisha FROM nguo, kutoka jedwali la nguo, na mwishoni WHERE, sharti: mteja awe huyo.

Mistari sifuri.

"Sifuri?" Kijana alishika kichwa. "Imeibiwa?"

"Usinitie presha." Honi ikalia nje, na simu ya kijana ikafuatia. "Ni bibi harusi?"

"Mama yake."

"Hapo sasa! Usipokee."

Kosa alilijua ni lake. Angeweza kuliita jedwali zima, lakini kompyuta ilitazama kaunta, na mle mlikuwa na majina yasiyofaa kusomwa na wenyewe.

"Hebu geuka utazame barabara."

Akaliacha jina, akabadili sharti: vazi liwe suti, na rangi iwe kijivu. Mistari mitatu ikajipanga: Kipara Mcheshi, Mjomba Lawama, Sina Haraka.

Kijana, ambaye hakugeuka hata kidogo, akasoma.

"Mama... Sina Haraka ni mimi?"

"Si ndivyo usemavyo kila siku, umeegemea hapo hapo? 'Taratibu tu, mama, sina haraka.' Ungeingia unaburuta miguu ningekujua toka mlangoni."

Kiango cha arobaini na moja. Kijana alivalia nyuma ya pazia, akatoka mbio, akarudi.

"Tai!"

"Mfukoni! Kimbia!"

Gari likaondoka kwa kelele, duka likabaki na sauti ya pasi ikipumua mvuke. Dobi akarudi kwenye mstari ule, akafuta jina, akaandika Bwana Harusi. Akalitazama kidogo. Ndoa ingempa mbio nyingine, za kila siku. Watu hubadilika hivyo, na yeye hubaki na nguo zao.

Akalirudisha Sina Haraka. Kama kijana angekuja tena kuegemea kaunta, alitaka amkute huyo Sina Haraka kama alivyomwacha.