Kufungiwa na Baba Mkwe Ndani ya Behewa

Sikutaka kwenda kutazama treni kuukuu. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika, hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane, na tangu asubuhi mtoto alikuwa kimya tumboni. Sikumwambia mtu. Mama mkwe alikuwa ameshanitangazia kwamba hii nayo ikitoka, mwanawe ataoa mwingine. Kwa hiyo nilipanda basi pamoja na ukoo kutoka Buteba hadi Tororo, nikichekacheka kama mjinga.

Watu wa reli walikuwa wameweka injini ya zamani na behewa moja kwenye njia ya pembeni ya kituo, wananchi waje watazame bure. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na tuliambiwa kila kitu sasa ni chetu, hata masizi. Ulikuwa unaingilia mlango mmoja na kutokea mwingine. Wanaume walitangulia, wanawake wakafuata, mimi na tumbo langu tukawa wa mwisho. Nilipofika katikati, wenzangu walikuwa wameshashuka kwenda kuishangaa injini. Askari wa reli akadhani hakuna mtu ndani, akafunga milango yote miwili aende kula.

Ndipo nikamwona baba mkwe. Alikuwa amekaa kwenye kona akipumzisha goti lake.

Asiyeolewa kwetu hawezi kuijua hofu ile. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawakalii kiti kimoja. Tuliambiwa wakigusana, anayelipa ni mtoto aliye tumboni. Nikaugeukia mlango na kuung'ang'ania. Nyuma yangu nilimsikia akiinuka na kuligeukia dirisha. Tumbo likakaza kama ngoma iliyoanikwa juani.

"Wewe benchi," mzee akasema, maana kwetu neno la mkwe hupitia kwa mtu mwingine, na mtu akikosekana, kwa kitu, "ambia mama akae. Mimi nasimama huku, sioni kitu."

Lakini benchi lilikuwa moja tu, refu, limezunguka kuta zote, na yeye alikuwa ameshalikalia. Ningekaaje?

"Behewa, mwambie baba nitasimama," nikajibu. Kisha maumivu yakanikata kiuno, nikalia kwa sauti.

Nikasikia kioo kikipasuka. Alikuwa amekivunja kwa fimbo yake, na sasa anaita watu. Askari akaja mbio, mdomo bado umejaa chakula.

"Nani navunja dirisha? Hii gari ya serikali, mzee! Leo nakwenda kufunga wewe!"

Mlango ukafunguliwa. Ukoo mzima ulikuwa pale chini, mama mkwe mbele, macho yamemtoka. Walituona sisi wawili tu, na hakuna aliyesogea, hata mume wangu. Nadhani waliogopa kama mimi. Ngazi ilikuwa juu mno kutoka ardhini, nami sikuwa na nguvu za kushuka.

Baba mkwe akageuka, akanitazama usoni.

"Mama, mtoto anacheza?"

"Hapana, baba. Tangu asubuhi hachezi."

Akanishika mkono mbele yao wote. Mama mkwe akapiga yowe. Nilitaka kuuchomoa mkono wangu, kwa hofu niliyokuwa nayo nilijua kabisa kwamba sasa tumemuua mtoto, lakini mzee hakuniachia. Hakuniachia ngazini, wala kwenye kokoto za reli, wala nyuma ya pikapu iliyotubeba, mpaka mlangoni mwa hospitali, ambako nesi alimwambia wanaume wabaki nje.

Mtoto alizaliwa jioni ile, mdogo, mwenye kelele. Daktari akasema tungechelewa kidogo tu, tungemkosa.

Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo, boma letu moja, milango yetu ikitazamana. Tulirudi kwenye heshima zetu, na hakunitazama tena usoni mpaka anakufa.