Kochi la Semisi na Haki ya Shangazi

Tangu binti yangu Lesieli aanze kusomea sanaa chuo kikuu, wifi yangu Vika hajakosa maonyesho hata mara moja. Wengine kanisani kwetu Māngere walikuwa wakiniuliza kwa upole, "Lesieli bado anasoma vile vitu?" Nami nilikuwa nawajibu kwamba anasoma shahada ya uzamili, nikawaachia neno hilo walitafune wenyewe. Vika hakuuliza. Alijifunga mkeka wake mzuri kiunoni, vazi letu la heshima, akachukua mkoba, akapanda treni kwenda mjini, na kabla wenyeji hawajamaliza kusalimiana alikuwa ameshafika kwenye meza ya jibini.

Vika ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Semisi. Alizaliwa Vava'u, visiwani kwetu, akavuka bahari kuja Auckland akiwa msichana, akafua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu. Kazi hiyo ilimwachia mikono ya mwanamieleka, na imani kwamba kitu kisichotumika kinapoteza nafasi. Hakuolewa wala hakuzaa. Wasiotujua hudhani mwanamke wa namna hiyo ni mnyonge. Hawajamwona akiingia nyumba ya kaka yake. Kwetu dada ni mkubwa kwa kaka, na watoto wa kaka ni wake. Akipenda kitu chao anakichukua, na anayechukuliwa hushukuru. Nyumbani kwangu amechukua cherehani, friji ikiwa na samaki ndani, na mapazia ya sebuleni nikiwa ndiyo kwanza nimeyatundika.

"Mapazia haya yamenipenda," alisema siku ile, akiwa ameshapanda juu ya kiti.

Nilishukuru. Mimi ni binti wa mchungaji, na nilifundisha historia katika shule ya wasichana kule Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyetu. Kushukuru huku nimeuma meno nilijifunza mapema.

Pale ukumbi wa maonyesho walimpenda. Kepueli, mlinzi wa mlangoni, ni shemasi wetu, kwa hiyo alikuwa akimvulia kofia kila anapoingia, jambo ambalo hakumfanyia mkuu wa chuo. Wanafunzi nao walimzoea baada ya ile siku ya ndoo. Kijana mmoja aitwaye Callum alikuwa ameweka ndoo ya maji ya bahari katikati ya chumba, basi. Vika akaizunguka, mikono nyuma.

"Kijana, paa linavuja?"

"Hapana, mama."

"Sasa ndoo ya nini?"

Lesieli akamvuta mkono. "Shangazi, hii ni sanaa ya dhana. Usitazame ndoo. Tazama wazo."

"Wazo lake au langu?"

"Lolote litakalokujia."

"Langu ni kwamba kuna mama mahali anatafuta ndoo yake ya kupigia deki."

Callum alicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu ndoo kweli ilikuwa ya mama yake na alikuwa hajamwambia. Tangu siku hiyo, kila aliyekuwa na kazi mpya alimwendea Vika kwanza, hata kabla ya mwalimu wake. Binti aliyeandika ukuta mzima kwa sabuni aliambiwa sabuni hiyo ni ya bei mbaya na haitoi povu. Aliyening'iniza shati la babu yake aliambiwa kola haikupigwa pasi. Wote walisema wamesaidika.

Sasa ikafika kazi ya mwisho ya Lesieli, ile ambayo watahini wangekuja kuitazama ili wampe shahada au wamnyime. Akaniomba kochi la baba yake.

Lilikuwa kochi la mtu mmoja, la kahawia, la kuegemea mpaka miguu inyanyuke. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechanika, Semisi akauziba kwa utepe mweusi. Alipofariki, kochi lilibaki palepale mbele ya televisheni na hakuna aliyelikalia. Mtoto hakalii kiti cha baba yake wala hali mabaki yake. Hayo hatufundishwi, tunazaliwa nayo. Hata ufagio wangu ulikuwa unalipita pembeni. Nilikubali alichukue, lakini nikamwomba jambo moja.

"Toa huo utepe. Watu watasema baba yako alikuwa hana cha kununulia kochi."

"Mama, utepe ndiyo kazi yenyewe."

"Basi nishone kitambaa cha kuufunika. Cheupe, chenye lesi."

"Mama!"

Akaliweka katikati ya chumba kikubwa kuliko vyote, chini ya taa moja, na ukutani akaandika neno moja tu: *Lisikaliwe.* Chini yake jina, Lesieli Vaipulu, kwa herufi nyeusi ambazo hata mchungaji wetu mwenye macho mabovu alizisoma bila miwani. Siku ya ufunguzi nilisimama karibu na herufi hizo. Wazungu walilizunguka kochi na glasi zao, wakinong'ona kama wako wodini, na kila aliyekaribia alisimama hatua chache kabla ya kulifikia, kana kwamba na wao walizaliwa nayo.

Ndipo Vika akaingia. Safari hii hakwenda kwenye jibini.

"Hili ni kochi la kaka yangu," akasema.

"Ndiyo, Shangazi," akajibu Lesieli. "Ndiyo kazi yangu ya mwisho. Watahini wanakuja Alhamisi."

Vika alilizunguka polepole. Akaugusa utepe mweusi kwa kidole. Yeye anaruhusiwa, sisi wengine hatungethubutu.

"Ni zuri," akasema.

Ndivyo alivyosema kuhusu friji.

"Nalichukua. Kepueli! Njoo ushike huku."

Na Kepueli, ambaye analipwa mshahara ili jambo kama hilo lisitokee, alivua kofia yake, akaiweka chini, akashika huku. Vika akashika kule. Wakalibeba kochi la Semisi katikati ya glasi na vinywa vilivyoachama mpaka mlangoni, na wageni wakapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Daktari Gillian Prowse, msimamizi wa ukumbi, alifika mbio na miwani mkononi.

"Kepueli, linakwenda wapi?"

"Nyumbani, Daktari."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Kepueli alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa jua limeruhusiwa na nani kuchomoza. "Ya shangazi," akasema, akaendelea kubeba.

Asubuhi Daktari Prowse alinipigia simu. Aliongea kwa adabu nyingi, na adabu ya namna hiyo ndiyo inayotisha. Kazi ilikuwa mikononi mwa ukumbi, akasema, na haikutakiwa kutoka kabla maonyesho hayajaisha. Watahini wakikuta chumba kitupu Alhamisi, Lesieli hatakuwa na cha kutahiniwa. Naye atalazimika kuwaarifu polisi kwamba kazi imeibwa, na kwamba mlinzi alisaidia.

Imeibwa. Jina letu limeandikwa katika Biblia za makanisa, katika mawe ya makaburi, na juzi ukutani mwa chuo kikuu. Katika daftari la polisi halijawahi kuandikwa.

Lesieli alikuwa amekaa jikoni, macho mekundu. "Mama, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Alirudishe. Mpaka Alhamisi tu."

"Mwanangu, shangazi haombwi alichochukua. Bora ufeli."

"Bora nifeli?"

"Nimesema bora. Sikusema napenda."

Usiulize nililala vipi. Kumwomba Vika lilikuwa jambo la aibu. Kuitwa wezi lilikuwa aibu. Na binti yangu kurudi kanisani bila shahada baada ya lile neno nililowatafunisha watu, hiyo nayo ilikuwa aibu. Mwishowe nikafanya kinachofanywa na mtu aliyelelewa. Nikatoa mkeka mmoja laini niliopewa siku ya harusi yangu, nikapika nyama ya kopo kwa majani ya magimbi na tui, nikamwambia Lesieli abebe sufuria. Tukaenda kwa Vika, Ōtāhuhu, kumsalimu.

Tulimkuta amekaa sakafuni. Kochi lilikuwa mbele ya televisheni, raga inachezwa bila sauti, na kochi linatazama.

"Mmekuja kuomba?" akauliza kabla hatujavua viatu.

"Hatujaja kuomba, wifi. Tumekuja kukusalimu."

"Na huo mkeka?"

"Wa kukusalimia."

"Na sufuria lote hilo?"

"Salamu ni ndefu."

Akacheka, mabega yakatikisika. "Afadhali. Mngeomba ningekataa, mkaondoka bila kochi na bila sufuria. Leta sahani, wee mtoto, usisimame kama ile ndoo ya mwenzio."

Tukala. Mechi ikaendelea. Vika akafuta vidole, akamgeukia Lesieli, na safari hii hakukuwa na mzaha usoni.

"Ulilipeleka kule kwa nini? Likasimame peke yake, watu wanalitazama na glasi mkononi."

Lesieli alitazama sahani yake. "Nyumbani tulikuwa tumeacha kuliona, Shangazi. Tunalipita tu. Nikadhani nikiwaona watu wengine wanalitazama, na mimi nitaliona tena."

"Ukaliona?"

"Nililiona ulipolibeba."

Vika alichukua upepeo wake akajipepea muda mrefu, ingawa ilikuwa siku ya baridi.

"Kwetu kaka na dada hawakai chumba kimoja wakatazama televisheni," akasema. "Yeye sebuleni, mimi jikoni kwa mama yako. Maisha yetu yote nilikuwa najua nani ameshinda kwa kusikia anavyopiga kelele. Sasa natazama naye. Juzi tumefungwa vibaya. Nikamwambia, bora hukuona."

Hakuna aliyetaja Alhamisi. Hakuna aliyetaja polisi, wala Kepueli. Tulipoinuka, Lesieli alivaa viatu bila kuligeukia kochi hata kidogo, na hapo nilijua kwamba sikulea bure. Tulikuwa tumeshafika kwenye lango Vika alipoita kutoka ndani.

"Hao wenu wanakuja saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, Shangazi."

"Wanakunywa chai?"

"Sijui."

"Wanakunywa," akasema, akafunga mlango.

Alhamisi tulisimama katika chumba kitupu chini ya ile taa moja. Kepueli alikuwa mlangoni, kofia mkononi, midomo inacheza; nadhani ilikuwa zaburi. Watahini walikuwa wawili: mwanamume mwembamba mwenye viatu vyekundu na mama mtu mzima mwenye mvi, mpole. Daktari Prowse alikohoa.

"Inanisikitisha kuwaarifu kwamba..."

Milango ikafunguka. Likaja kochi, limebebwa na vijana wa kwaya. Nyuma yake akaja Vika mwenyewe, amevaa nguo nyeusi ya msibani, chupa ya chai mkono mmoja na ule mkeka wangu wa harusi kwapani.

"Palepale lilipokuwa," akawaamuru vijana. Akatandika mkeka pembeni, akakaa chini, akapanga vikombe, akamimina. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Yule wa viatu vyekundu alipokea chake, akatoa kalamu, na ili apate nafasi ya kuandika akaweka kikombe juu ya mkono wa kochi.

"Ee bwana wee! Hapo hapawekwi kikombe. Kwenu hakuna wakubwa?"

Alikiondoa haraka, akaomba radhi. Nilikuwa karibu, nikaona: aliliomba radhi kochi.

Yule mama mwenye mvi akamwinamia Lesieli. "Huyu bibi ni sehemu ya kazi?"

Daktari Prowse alimtazama Lesieli. Lesieli alinitazama mimi. Mimi nilitazama dari.

"Hapana," akasema binti yangu. "Ndiye mwenye kochi. Nimeliazima kwake, na anaweza kuliondoa wakati wowote."

"Wakati wowote? Lini?"

"Chai ikiisha," akasema Vika.

Sijapata kuona wasomi wakiharakisha hivyo. Waliuliza maswali kwa kupokezana, jicho moja kwa Lesieli na jingine kwenye chupa ya chai. Kila Vika alipomimina, walizidisha kasi. Lesieli aliwajibu kwa sauti iliyotulia, kama baba yake alipokuwa akisoma somo kanisani. Chupa ilipotoa tone la mwisho, Vika aliifunga kifuniko, akakunja mkeka, akawaita vijana. Kochi likatoka. Watahini walibaki wamesimama, wanatazama sakafu lilipokuwa.

Walimpa alama za juu. Polisi hawakuarifiwa, na Kepueli yupo mlangoni mpaka leo. Daktari Prowse amemuuliza Vika kama angependa kufanya hivyo tena Wellington. Vika ameuliza kwanza jibini la huko ni la namna gani.

Cheti kilipokuja, nilikitengenezea fremu ya mbao nzuri. Nikapigilia msumari ukutani, mkabala na mlango, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kukisoma. Kilikuwa hakijamaliza wiki pale Vika alipokuja kwa chakula cha Jumapili. Alisimama mbele yake, mikono nyuma.

Lesieli alianza kucheka kabla ya wakati.

"Ni kizuri," akasema Vika.

Nilishukuru. Sasa kiko Ōtāhuhu, juu ya kochi. Msumari sikuung'oa. Mchungaji alipokuja kututembelea aliutazama, akauliza palikuwa na nini. Nikamwambia ni shahada ya uzamili ya binti yangu, anaweza kwenda kuisoma kwa wifi yangu, ila asiende mikono mitupu, na akifika huko asikae mpaka aonyeshwe pa kukaa.