Mkasi wa Kukatia Vitunguu

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na mkasi wake tulikatazwa hata kuusogeza. Uliruhusiwa kukata kitambaa na, nje ya kitambaa, kitu kimoja tu: vitunguu vyake vya majani, alivyovipanda nyuma ya jiko kwenye mabeseni yaliyotoboka. Aliinama, akapima vidole viwili kutoka kwenye udongo, kisha kacha! Mizizi ilibaki chini, na baada ya siku chache majani mengine yalichomoza. Mimi niliyeolewa hapa nikiwa sijui hata kuosha mchele, nilifundishwa kupika kwa vitunguu hivyo, na sikuwahi kusimangwa.

Halafu kiharusi kikamchukua mkono wa kulia. Ulimi ulipona, tena ukazidi makali, lakini mkono ulilala tu mapajani. Hospitali walimpa mpira wa kuminya, akautupa uvunguni. "Mimi mtoto mdogo nicheze mpira?" Alijaribu mkasi kwa mkono wa kushoto, lakini mkasi wa fundi haukubali kushoto; uliyatafuna majani badala ya kuyakata. Jioni ile akaniita.

"Mwanangu, mkasi huu mpelekee yule msichana niliyemfundisha kushona. Mimi nimeshamaliza."

Nilimwitikia, nikaenda kuuficha kwenye debe la mchele. Kila aliponiuliza, nilisema msichana amesafiri.

Baba mkwe ni dereva wa malori aliyestaafu. Maisha yake yote hakujua chumvi inakaa wapi, lakini mkewe alipougua, aliingia jikoni bila kuombwa na mtu. Namshukuru Mungu kwa mzee yule. Kila asubuhi alimkaangia mkewe mayai, kila asubuhi yaliungua, na mama aliyala.

Siku moja akaenda mwenyewe kuchuma vitunguu. Alirudi amekumbatia mzigo mzima, uso umejaa furaha, udongo ukimdondoka hadi sebuleni. Alikuwa ameving'oa vyote na mizizi yake.

"Dereva!" mama alipiga kelele. "Umefanya nini?"

"Si nimevuna?"

"Umevuna au umebomoa? Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wewe zako zilishanyonyoka zamani! Nipelekeni nje kabla mizizi haijakauka."

Tulimkalisha kwenye kigoda mbele ya mabeseni. Mimi nilipunguza majani, mzee akatoboa mashimo, na mama akawa anasimamisha vitunguu kwa mkono wa kushoto ili mumewe afukie. Lakini mzee alishindilia kwa nguvu zote, kama anakaza nati za gurudumu, na vitunguu vikalala.

"Taratibu! Unapanda au unazika? Hebu toka hapo."

Akamsukuma kwa kiwiko, akaendelea peke yake. Alishika kitunguu kwa kushoto, akabonyeza udongo kwa kulia. Kingine, hivyo hivyo. Mdomo haukupumzika, alikuwa bado anaorodhesha makosa ya mumewe tangu walipooana. Mimi nilikuwa nimeshaona. Vile vidole vilikuwa vizito na vinatetemeka, lakini vilibonyeza. Nikamtazama mzee, naye machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Sasa unalia nini?" mama akamuuliza.

"Vitunguu," akajibu.

Mama akafuata macho yake hadi kwenye beseni, akauona mkono wake mwenyewe ndani ya udongo. Akabonyeza tena, kana kwamba hauamini. Kisha akasema polepole, "Mungu wangu, asante." Nilitoka mbio nikalilie jikoni.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemkumbusha mpira. Kila asubuhi alitoka kutifua udongo, hata pale usipohitaji kutifuliwa. Vitunguu vilishika, majani yakarefuka, na asubuhi moja akaniuliza bila kunitazama:

"Yule msichana bado yuko safarini?"

Nilikwenda moja kwa moja kwenye debe la mchele. Mama aliukung'uta mkasi, akapenyeza dole gumba la mkono wa kulia, akapima vidole viwili kutoka kwenye udongo. Jani la kwanza lilipinda tu. La pili pia. Mzee alikuwa ameshikilia fremu ya mlango, hapumui.

Kacha!

Akamnyooshea lile jani moja. "Haya, Dereva, kakaange mayai. Na leo yasiungue."

Yaliungua. Tulikula mpaka tukafuta sahani.