Dirisha la Mdogo Mtu

Mtaa ulimwita Mama Futi kwa sababu ya futi ya kupimia kitambaa iliyoning'inia shingoni mwake kutwa kucha. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo kanisani, na kuna siku alifika nayo msibani, mumewe akamvuta pembeni akamnong'oneza aivue. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia. Gauni hakushona, wala suruali. Alisema binadamu leo mnene kesho mwembamba, lakini dirisha ukishalipima limepimika.

Aliishi na mumewe na watoto wawili katika nyumba ya kupanga ghorofa ya kwanza: vyumba viwili, sebule, na jiko ambalo watu wawili wakiingia mmoja lazima atoke. Cherehani ilikaa sebuleni. Meza ya kulia chakula ndiyo iliyokuwa meza ya kukatia kitambaa, kwa hiyo chakula kikiiva vitambaa vilihamia kitandani, na sahani zikishaondolewa vilirudi mezani. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, watu wakimwita Barafu, na jina lilimkaa sawasawa, maana hakuwa mtu wa kupandisha mori. Walikuwa wamepanga hapo tangu wafunge ndoa na hakuna aliyewahi kulalamika.

Na si kwamba Mama Futi hakuziona nyumba nzuri. Kila wiki alikuwa akipanda ngazi kwenye sebule za watu wenye pesa zao, madirisha yanayotazama bustani, vigae vinavyong'aa mpaka unaona haya kukanyaga. Alipima, akaandika, akanywa maji aliyopewa, akaondoka. Nyumba za watu zilikuwa kazi tu. Roho yake haikuwahi kushtuka.

Mpaka Jumamosi moja mdogo wake alipokuja na funguo.

Huyu mdogo mtu alikuwa muuguzi, kitinda mimba wa kwao. Mama Futi ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemrithisha nguo zake zilipombana. Hakuwa na mume, na ndugu walishazoea kumzungumzia kwa sauti ya huruma, Mama Futi akiongoza. Sasa alisimama sebuleni, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini, akaziweka funguo juu ya kitambaa kilichokuwa mezani.

"Dada, shika."

"Za nini hizi?"

"Zangu. Nimenunua nyumba."

Mama Futi alipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akafungua mlango. Na furaha ile ilikuwa ya kweli, kwa muda wa pumzi moja hivi. Pumzi ya pili ilikuja na kitu kingine, kitu chenye kucha.

"Na mapazia ni wewe," mdogo mtu akaendelea. "Sitaki fundi mwingine aniguse dirisha."

Kesho yake walikwenda kuiona. Nyumba ilikuwa mwisho wa kichochoro kisafi, si kubwa, lakini yote ilikuwa yake: vyumba vitatu, jiko lenye makabati ukutani, na sebule ambayo dirisha lake lilianzia ukuta mmoja likaishia ukuta mwingine. Mama Futi alipanda kwenye kigoda akaanza kupima. Mdogo mtu alizunguka nyuma yake, mdomo haukai.

"Hapa nitaweka kochi. Hapa picha ya mama. Naweza kupigilia msumari popote, dada! Hakuna wa kumwomba ruhusa."

Maneno hayo yalimchoma pabaya. Kule alikopanga, kila msumari ulikuwa na kikao chake na mwenye nyumba.

"Jua la jioni litakupiga sana hapa," akasema kutoka juu ya kigoda.

"Ndiyo maana nataka mazito."

"Na huo ukuta unaona kama una unyevu?"

Mdogo mtu akaugusa. "Mkavu, dada."

"Mvua bado," akasema Mama Futi, na alijisikia mwenyewe sauti ilivyotoka, kama ya mtu anayeiombea mvua.

Jioni ile, kabla Barafu hajamaliza kunawa mikono, mkewe alimsubiri na swali.

"Kwa nini sisi hatuna nyumba?"

"Tuko ndani yake."

"Hii ya mwenyewe. Kodi yetu miaka yote hii imemjengea mtu mwingine. Siku akituambia tutoke, watoto wataonyesha nini?"

Barafu alivuta kiti. Alisema karakana yake ilikuwa mtaa wa pili, shule ya watoto nyuma ya nyumba, na wateja wa mapazia wanaijua ile ngazi hata gizani. Alisema nyumba wanayoweza kuinunua itakuwa mbali, na mkopo wa benki ni kamba ambayo ukishaivaa shingoni utazeeka nayo. Lakini alikiri pia kuwa mwenyewe aliwahi kuwaza: uzeeni watalipa kodi kwa pesa gani?

"Kama ni kutafuta, tutafute," akasema. "Ila tusikimbizane na mtu."

"Nani anakimbizana?"

Walimpata dalali mmoja mwenye ulimi wa asali, mtu wa kuita shimo bustani. Aliwazungusha Jumapili mbili. Mama Futi kila nyumba aliikuta na kasoro, mpaka dalali akaishiwa pumzi.

"Mama yangu, hebu nisaidie. Unataka nyumba ya namna gani hasa?"

"Vyumba vinne," akajibu mara moja. "Jiko la makabati ya ukutani, lakini pande zote mbili. Na dirisha la sebule lizidi..."

"Lizidi kiasi gani?"

"Liwe kubwa tu."

Barafu alikuwa anatazama viatu vyake. Hakusema neno, na mkewe aliona heri angesema.

Nyumba ya vyumba vinne ilipatikana. Ilikuwa mbali kweli, huko ambako lami inakwisha na umeme uko njiani unakuja, kwa mujibu wa dalali. Mama Futi alipima dirisha la sebule kwa macho tu, akaona limelizidi lile jingine, akasema hii ndiyo. Dalali akaomba kishika uchumba, pesa kidogo ya kuishikilia nyumba. Wakakubaliana wampe mwisho wa wiki.

Katikati ya hayo yote, mapazia ya mdogo mtu yalikuwa hayajaguswa. Muuguzi alipiga simu kwa adabu, kisha kwa mzaha, kisha akasema ametundika shuka za kitanda madirishani na majirani wanadhani amefungua wodi. Mama Futi alicheka kwa simu. Alipoikata, alibaki akiifurahia ile picha ya shuka zaidi ya inavyostahili.

Hatimaye alitandika kitambaa mezani. Kilikuwa kizuri, kizito, rangi ya mbegu ya tende, alikichagua mdogo mtu mwenyewe. Alikilainisha kwa viganja. Mkasi ulikuwa mkononi, kipimo kilikuwa kichwani na kwenye karatasi, na hakuna shetani aliyemsukuma. Baadaye alijaribu kumtafuta wa kumsingizia akamkosa. Alirudisha chaki nyuma, shibiri nzima, akakata.

Akayashona vizuri. Marinda yamelingana, bitana imetulia, uzi haukuruka hata mahali pamoja. Akayapeleka, akayatundika mwenyewe. Yakaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla.

Mdogo mtu alisimama mlangoni, ametoka zamu, macho mekundu ya usingizi. Alitazama pazia, akatazama sakafu, akatazama tena.

"Mafupi, dada."

"Kitambaa kimerudi. Vitambaa vya siku hizi..."

"Hujakifua."

"Basi nimekosea."

"Wewe?" Mdogo mtu hakupandisha sauti. "Wewe hujakosea dirisha tangu nikufahamu. Umekata ukijua."

Mama Futi alijikaza kisabuni, akaanza kukusanya ndoano zake kwenye kikopo. Alisubiri aulizwe sababu ili apate pa kukasirikia. Hakuulizwa.

"Naomba uyashushe," mdogo mtu akasema. "Nitampa fundi mwingine."

Alirudi kwao na furushi la mapazia kifuani. Barafu akauliza vipi, akajibiwa kichwa kinauma.

Siku mbili baadaye, akiwa na mzigo wa mteja upande ule ule, miguu ilimpitisha kwenye kile kichochoro. Alijiambia ni njia ya mkato, na haikuwa. Taa za sebule zilikuwa zimewashwa. Na dirishani, kutoka ukuta hadi ukuta, yalikuwepo mapazia mapya.

Si yake. Aliijua kazi ile hata kwa mbali: ya yule fundi wa karibu na kituo cha mafuta, mwanamume anayeshona marinda makubwa ili kuokoa muda. Yalifika sakafuni barabara. Ndani, mdogo mtu alikuwa akiyavuta na kuyafunga, akiyavuta na kuyafunga, kama mtoto.

Wivu wa nyumba ulikuwa cha mtoto. Huu mpya ulimfanya aegemee ukuta wa jirani. Mkono wa mtu mwingine umeingia nyumbani kwa mdogo wake, umepanda kwenye kile kigoda, umeambiwa asante. Na wa kulaumiwa hakuwepo ila yeye.

Alipofika nyumbani alimkuta Barafu anakula. Hakukaa.

"Ile nyumba siitaki."

Barafu akaendelea kutafuna.

"Sijawahi kuitaka. Nilikuwa naitaka ya mdogo wangu, na kidogo juu yake."

"Hilo nililisikia siku ya dalali."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema, ungeinunua siku ile ile." Akamsogezea kiti kwa mguu. "Haya. Tuondoe nyumba ya shemeji yangu hapa mezani. Wewe unataka nini?"

Macho yake yalitua kwenye vitambaa vilivyorundikwa kitandani, mlango ukiwa wazi, na watoto wakisubiri viondolewe ndipo walale.

"Meza," akasema. "Meza ambayo chakula hakiifukuzi kazi."

Dalali alipopewa habari badala ya kishika uchumba alisikitika kama amefiwa. Lakini kabla mwezi haujaisha ni yeye huyo huyo aliyewapatia nyumba nyingine ya kupanga, ghorofa ya chini, mtaa ule ule, yenye chumba cha mbele kilichokuwa duka. Kodi ilipanda kidogo, kazi nayo ikapanda, maana wateja walimwona akikata dirishani wakaingia wenyewe. Kuhusu kununua, walikubaliana kuweka akiba pole pole na kulizungumza tena watoto watakapomaliza shule, pasipo dirisha la mtu yeyote kutajwa.

Kwa mdogo mtu alikwenda siku ya tatu baada ya kuhama. Alimsubiri langoni mwa hospitali mpaka wauguzi wa zamu wakaanza kutoka.

"Nilikata nikijua," akasema, hata salamu hakutoa. "Nilikuonea wivu. Nimekuja kukuomba radhi."

Mdogo mtu aliupandisha mkoba begani.

"Nimekusikia, dada. Ila mapazia ya yule fundi nayaacha. Ni mazuri."

Na Mama Futi, aliyekuja kuomba radhi, ilibidi aume ulimi asiseme kuwa marinda yale ni ya mtu mvivu. "Ni mazuri," akasema. Lilikuwa neno gumu kuliko kuomba radhi kwenyewe.

Walitembea pamoja hadi njia panda. Hapo mdogo mtu akasema, bila kumtazama, kwamba vyumba vya kulala bado vina shuka.

"Nije kupima?"

"Njoo. Nitakaa hapo hapo nikikuangalia."

Alikuja, akapima, akaangaliwa. Yalifika sakafuni.

Hayakurudi yote kama zamani, na wivu nao haukufungasha mizigo ukaondoka. Mwaka uliofuata mdogo mtu aliongeza kibaraza mbele ya nyumba, akawaita waje wanywe chai. Barafu akasifu saruji. Mama Futi akakalia kiti kipya, akatazama nguzo mbili zilizopakwa rangi, na wivu ukamfinya tena, si kama mwanzo, ila ukamfinya.

"Kizuri," akasema. "Kimenichoma roho kidogo, lakini kizuri."

Mdogo mtu alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani, akaenda ndani kuleta kitambaa cha kufutia.